Kununua Miche na Sarafu za Fedha Kama Akiba: Mwongozo Unaoanzia Kwenye Bei ya Kuuza

Aliyenunua wakia moja ya fedha kwenye kilele cha Januari 1980, bei ikikaribia dola 50, alisubiri hadi Oktoba 2025 ndipo akaona rekodi ile inavunjwa. Miaka 45, na dola 50 za mwaka 1980 zilinunua vitu vingi mno kuliko dola 50 za leo. Aliyenunua Machi 2020, dunia ikijifungia ndani kwa sababu ya korona na wakia ikiwa imeshuka chini ya dola 12, alishuhudia bei ikizidi maradufu kabla ya Agosti ya mwaka uleule kuisha. Madini ni yaleyale, ila mmoja alizeeka akisubiri na mwenzake akawa na faida ndani ya miezi mitano.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye akiba ya kawaida anayefikiria kuweka sehemu yake kwenye fedha halisi, ya kushikika: miche, yaani vipande vya madini vilivyopigwa mhuri, na sarafu. Humu nikisema fedha ni madini. Hela nitaziita pesa. Jambo moja nitalirudia hadi likuchoshe: kabla hujamuuliza muuzaji anauza ngapi, muulize angekununulia ngapi leo. Wengi wanaoumia na fedha hawaangushwi na bei ya dunia. Wanaangushwa na pengo lililopo kati ya bei waliyonunulia na bei waliyoipata siku ya kuuza.

Hatua ya kwanza: jifunze kuisoma bei

Bei inayotajwa kwenye habari ni ya soko la dunia, kwa dola za Marekani, kwa wakia moja ya madini, ambayo wengine huiita aunsi ya troi. Wakia hii si ile ya jikoni yenye gramu 28.35. Hii ina gramu 31.1035. Ukizichanganya utakosea kwa karibu asilimia 10, na wapo wauzaji watakaofurahi ukikosea hivyo.

Kwenye majedwali ya bei utaikuta kwa alama XAG, kama dhahabu ilivyo XAU. Bei yake inapikwa hasa sehemu mbili. London hutangaza bei rejea saa sita mchana kwa saa zao kila siku ya kazi, chini ya LBMA, chama cha wafanyabiashara wa madini ya thamani. New York kuna soko la COMEX, ambako watu hununua na kuuza mikataba ya siku za mbele, kila mkataba ukiwa wa wakia 5,000. Wengi wa wanaoshika mikataba hiyo hawana nia ya kuigusa fedha yenyewe hata siku moja. Kumbuka hilo, maana ndilo chimbuko la mitikisiko mingi.

Igeuze bei iwe lugha ya dukani. Tuseme wakia ni dola 40. Gawanya kwa 31.1035, unapata dola 1.286 kwa gramu, yaani dola 1,286 kwa kilo. Kwa dirhamu ya Imarati, yaani pesa ya Dubai, iliyofungwa kwa dola tangu 1997 kwa kiwango cha 3.6725, gramu inakuwa dirhamu 4.72. Kama dola moja ni shilingi 2,500 za Tanzania, gramu ni shilingi 3,215. Hesabu hii ifanye kwa simu yako mwenyewe, kwa bei ya siku hiyo, kabla hujaingia dukani. Muuzaji akikutajia bei ya kipande, wewe uwe tayari unajua madini yaliyomo yana thamani gani.

Usitegemee kuuziwa kwa bei hiyo. Mche unaouzwa kati ya mabenki ya London una wakia kama 1,000, zaidi ya kilo 30. Kipande kidogo kimeyeyushwa upya, kimepigwa mhuri, kimefungwa, kimesafirishwa na kukatiwa bima, na gharama hizo zote ziko juu ya bei ya dunia. Hiyo ndiyo ziada.

Hatua ya pili: elewa kinachoitikisa

Fedha inatumikia mabwana wawili. Zaidi ya nusu ya inayotumika kila mwaka huenda viwandani: paneli za sola, swichi, nyaya za ndani ya magari, simu. Iliyobaki huenda kwenye vito, vyombo na akiba. Uchumi ukizorota viwanda hupunguza kununua. Watu wakiogopa, wawekaji akiba huongeza. Mabwana hawa mara nyingine huvuta pande tofauti, kama Machi 2020 hofu ilipoangusha bei kwanza kisha ikaipandisha, na mara nyingine huvuta upande mmoja.

Upande wa ugavi ni mgumu kuliko watu wanavyodhani. Mexico, China na Peru ndizo zinazoongoza kwa uzalishaji, lakini sehemu kubwa ya fedha duniani haitoki kwenye migodi ya fedha. Hutoka kama zao la pembeni la migodi ya risasi, zinki, shaba na dhahabu. Hata fedha ya Tanzania hutoka pamoja na dhahabu, kwenye migodi kama Bulyanhulu. Kwa hiyo bei ikipanda mara mbili, mwenye mgodi wa zinki hana sababu ya kuchimba zaidi kwa ajili ya fedha, na ikishuka hana sababu ya kuacha. Ugavi haukimbizani na bei.

Zaidi ya hapo, soko lenyewe ni dogo. Benki kuu za nchi huweka akiba ya dhahabu, fedha kwa kawaida haziiweki. Dhahabu ikishuka sana yupo mnunuzi mwenye mifuko mirefu pembeni. Fedha haina mnunuzi wa namna hiyo.

Kisha inakuja pesa ya mkopo, na hapa kisa cha ndugu wawili wa Texas kinafaa kusimuliwa polepole. Nelson Bunker Hunt na William Herbert Hunt walirithi utajiri wa mafuta. Katika miaka ya 1970 waliamini dola itaendelea kuoza, wakaanza kukusanya fedha, halisi na ya mikataba, baadaye wakishirikiana na matajiri wa Saudia. Mwanzoni mwa 1979 wakia ilikuwa kama dola 6. Januari 1980 ilikuwa inagusa 50. Sehemu kubwa ya ununuzi huo ilikuwa kwa mkopo: unaweka dhamana kidogo, unashika mkataba mkubwa. Tarehe 7 Januari 1980 COMEX ikabadilisha kanuni na kubana ununuzi wa namna hiyo. Kabla mwezi haujaisha bei ikaanza kuteremka, na kila iliposhuka mawakala wakadai dhamana zaidi. Tarehe 27 Machi, siku iliyobaki kwenye historia kama Alhamisi ya Fedha, akina Hunt walishindwa kulipa na bei ikafunga chini ya dola 11. Mabenki yaliwakopesha zaidi ya dola bilioni moja ili wasiangushe na wengine. Mwaka 1988 walitangaza kufilisika.

Usidhani ni hadithi ya zamani tu. Mwishoni mwa Aprili 2011 bei ilifika tena karibu dola 49, soko likapandisha kiwango cha dhamana mara kadhaa ndani ya wiki chache, na wiki ya kwanza ya Mei ikaondoka na zaidi ya robo ya thamani. Mwisho wa 2015 wakia ilikuwa chini ya dola 14. Mfano ni uleule: bei inapanda haraka, wanaingia wenye pesa za kukopa, soko linabana dhamana, wa mwisho kuingia ndiye anayechomeka. Mwenye mche wake kabatini, alioununua kwa pesa yake, hadaiwi dhamana na mtu. Anaumia kwenye karatasi, lakini hakuna anayemlazimisha kuuza.

Riba na dola nazo zina nguvu zake. Fedha hailipi riba wala gawio, hivyo riba za Marekani zikiwa juu wengi huona bora wakae na dola.

Utasikia pia habari ya uwiano, yaani wakia ngapi za fedha zinanunua wakia moja ya dhahabu. Mwaka 2011 uwiano ulishuka hadi kama 32. Machi 2020 ulipita 120. Watu hupenda kusema uwiano ukiwa mkubwa nunua fedha, ukiwa mdogo uza. Ni kipimo kizuri cha kujua fedha iko rahisi au ghali ikilinganishwa na dhahabu. Ila si saa. Unaweza kukaa juu miaka na miaka huku wewe ukiungoja ushuke.

Hatua ya tatu: hesabu kwa shilingi yako

Hapa ndipo miongozo mingi ya kigeni inapomwacha msomaji wetu. Wewe unalipa karo na kodi ya nyumba kwa shilingi, si kwa dola. Kwa hiyo unaponunua fedha unaingia kwenye mambo mawili kwa mpigo: bei ya fedha kwa dola, na bei ya dola kwa shilingi.

Chukua Kenya mwaka 2024. Mwishoni mwa Januari wakia ilikuwa karibu dola 23 na dola moja karibu shilingi 160: wakia moja, shilingi 3,680. Mwishoni mwa Juni wakia ilikuwa karibu dola 29, lakini shilingi ilikuwa imeimarika hadi kama 129 kwa dola: wakia moja, shilingi 3,741. Habari za dunia zilikuwa zinashangilia ongezeko la asilimia 26. Mkenya aliyekuwa na mche wake alikuwa amepata chini ya asilimia 2, na akiuza, pengo la kununua na kuuza lingemla hizo zote na zaidi.

Upande wa pili wa jambo hilo ndio unaowavuta wengi: shilingi ikiteleza, fedha iliyosimama palepale kwa dola bado inalinda akiba yako. Ndiyo maana naichukulia fedha kama kinga dhidi ya pesa ya nyumbani kudhoofika zaidi ya njia ya kutajirika.

Hatua ya nne: amua ni pesa ipi inayoingia

Pesa ya dharura haiingii. Ada ya mtoto ya Januari haiingii. Pesa ya mkopo, iwe ya benki, ya SACCOS au ya simu, haiingii kabisa. Inayofaa ni ile ambayo hata ukiiona imeshuka nusu kwa miaka mitano hutalazimika kuigusa. Mimi kwa mtu wa kipato cha kati nisingependa fedha na dhahabu kwa pamoja zipite sehemu moja ya kumi ya akiba yake yote, na kama hati fungani za serikali za nchi yake bado hazijui, aanze na hizo kwanza. Zinalipa riba, mche haulipi.

Hatua ya tano: chagua umbo

Umbo ndilo linaloamua pengo lako. Tufanye hesabu tatu kwa wakia ya dola 40, kwa bei za mfano.

Sarafu ya wakia moja: muuzaji anakutoza dola 48, na angeinunua kwako kwa 39. Ili urudishe pesa yako tu, bila faida, bei ya dunia inatakiwa ipande hadi kama dola 49.20. Hiyo ni asilimia 23.

Mche wa kilo moja: madini yake ni dola 1,286, unauziwa 1,376, na mnunuzi anatoa asilimia 98 ya bei ya dunia. Unahitaji bei ipande kama asilimia 9.

Bangili ya gramu 50 ya usafi wa 925, yaani sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha: fedha iliyomo ni gramu 46.25, thamani yake chini kidogo ya dola 60. Umelipa 120 kwa sababu ya ufundi. Sonara atakupa, tuseme, asilimia 80 ya thamani ya madini. Hapo bei ya dunia inatakiwa izidi mara mbili na nusu kabla hujarudisha chako. Bangili mnunulie mama kwa sababu itampendeza. Akiba itafute kwingine.

Ukubwa basi una faida, ila mche wa kilo haukatiki. Ukihitaji pesa ya nusu yake huna njia. Kwa anayeanza napendekeza mche mmoja wa gramu 500 au kilo, na sarafu chache za wakia moja za kuuzia mahitaji madogo. Vipande vya gramu 5 au 10 viache; ziada yake kwa gramu ni kubwa mno.

Kwa sarafu, chukua zile ambazo mnunuzi yeyote duniani anazitambua akiziona: American Eagle ya Marekani, iliyoanza 1986, Maple Leaf ya Canada, ya 1988, yenye usafi wa 9999, Philharmoniker ya Austria, Britannia ya Uingereza, ambayo tangu 2013 ni 999, Krugerrand ya fedha ya Afrika Kusini. Kwa miche, tafuta mihuri ya viwanda kama PAMP, Valcambi, Heraeus au Perth Mint. Sarafu za ukumbusho zenye rangi na kisanduku cha mahameli ziepuke. Ziada yake ni ya mkusanyaji, na mkusanyaji mwenzako humjui.

Vipo pia vyeti vya mifuko ya uwekezaji vinavyofuata bei ya fedha, kama iShares Silver Trust iliyoanzishwa New York mwaka 2006, unavyonunua kupitia wakala wa hisa wa nje. Pengo lake ni dogo na hakuna cha kuficha kabatini, ila kila mwaka unakatwa ada ya nusu asilimia. Soko la Hisa la Nairobi lina mfuko wa NewGold tangu 2017, lakini huo ni wa dhahabu. Zile programu za simu zinazokuruhusu kubashiri bei ya XAG kwa mtaji mdogo unaozidishwa mara 100 hazikuuzii fedha yoyote. Ni mkopo wa akina Hunt uliopakwa rangi mpya.

Hatua ya sita: mahali pa kununua

Kwa Waswahili wengi njia fupi ni Dubai, ambako soko la dhahabu la Deira lina wauzaji wa miche pia na wafanyabiashara wetu wanapita kila wiki. Imarati ina VAT ya asilimia 5 tangu 2018, lakini madini ya uwekezaji yenye usafi wa asilimia 99 na kuendelea, ya aina inayouzwa kwenye masoko ya dunia, hutozwa sifuri. Bangili ya 925 haimo kwenye msamaha huo. Uliza bei kwa gramu kwenye maduka matatu, na kila duka uliza maswali mawili kwa pumzi moja: "Ndugu yangu, kilo hii leo unauza ngapi, na nikikurudishia kesho unanunua ngapi?" Anayekwepa la pili, mshukuru utoke.

Ukitoka au kuingia Imarati na pesa taslimu au madini ya thamani yanayozidi dirhamu 60,000, yatangaze forodhani. Na upande wa nyumbani usisubiri kujadiliana na afisa uwanjani. Kabla hujasafiri mpe wakala wa forodha maelezo ya mzigo, akuandikie ushuru na VAT itakayotozwa. Kwa lugha yao miche ya fedha iko kwenye kichwa 7106 na sarafu 7118. VAT ya Tanzania Bara ni asilimia 18 na ya Kenya 16. Ikiangukia mzigo wako, hesabu ya pengo tuliyofanya juu inabadilika yote, na huenda ukaona bora fedha yako ikae kwenye ghala la huko ilikonunuliwa.

Aliyeko Uingereza ajue dhahabu ya uwekezaji haina VAT lakini fedha inatozwa asilimia 20. Kuna nafuu ndogo: faida ya kuuza sarafu halali za Uingereza, kama Britannia, haitozwi kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi wa huko. Ujerumani VAT ni 19. Marekani inategemea jimbo, na majimbo mengi yamesamehe miche na sarafu.

Nyumbani, masonara wa Mombasa, Dar na Unguja huuza zaidi vito kuliko miche. Wengine huweza kukuagizia. Ni sawa, mradi uone mzigo kabla ya kulipa. Usinunue kabisa "fedha ghafi kutoka mgodini" kwa mtu wa mtaani. Tanzania, biashara ya madini ghafi inataka leseni ya Tume ya Madini na hufanyika kwenye masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa 2019. Nchi jirani nazo zina leseni zake. Hata kama mali ni ya kweli, wewe bila leseni unakuwa mkosaji.

Hatua ya saba: kagua kwa mikono yako

Nunua mizani ya gramu inayosoma sehemu ya mia ya gramu, na kalipa, kifaa cha kupimia upana na unene. Kughushi sarafu ni kazi ya kupatanisha uzito na ukubwa kwa pamoja, na walaghai wengi hushindwa kimojawapo. American Eagle ni gramu 31.1, upana milimita 40.6, unene karibu 3. Maple Leaf ni upana 38, unene 3.29. Philharmoniker ni 37 kwa 3.2. Chuma kisicho fedha kikitimiza uzito, kitakuwa kinene au chembamba kupita kiasi.

Sumaku yenye nguvu haishiki fedha; ikiteremshwa juu ya mche uliolazwa mshazari, huteleza polepole kana kwamba imetiwa breki. Ikishika, kuna chuma ndani. Lakini shaba na risasi nazo hazishikwi, hivyo sumaku hukataa bandia za aina moja tu.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha maji. Weka glasi ya maji kwenye mizani, irudishe sifuri, kisha ninginiza sarafu kwa uzi mwembamba izame bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Fedha safi inatoa karibu 10.49. Sarafu ya wakia moja inatakiwa ionyeshe kama gramu 2.96. Ikiwa risasi utaona 2.74, ikiwa shaba 3.47. Mche uliofungwa kwenye plastiki usiufungue kwa ajili ya kipimo hiki, utaharibu thamani yake. Kwa huo tegemea muuzaji na mashine ya miale ambayo masonara wakubwa wanayo.

Soma mihuri. 999 ni safi, 925 ni ya vito. EPNS, utakayoikuta chini ya mabirika na sinia za zamani, ni utando mwembamba tu wa fedha juu ya mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Kinachoitwa fedha ya Kijerumani hakina fedha hata chembe.

Na zile sarafu za kale za pwani? Reale ya Maria Theresa, yenye mwaka 1780 hata ikiwa imepigwa karne ya 20, ina uzito wa gramu 28.07 na usafi wa 833, hivyo fedha halisi ni gramu 23.4. Rupia ya India ya enzi ya Victoria ina gramu 11.66 na karibu 10.7 za fedha. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, ya kati ya 1921 na 1946, ina robo tu: kwenye gramu 7.78, fedha haifiki gramu 2. Za kuanzia 1948 hazina kabisa. Ukitajiwa bei ya "fedha tupu" kwa shilingi ya simba, cheka kidogo, endelea na safari.

Hatua ya nane: nunua kwa mafungu

Gawa pesa yako sehemu nne au sita na ununue kila baada ya miezi mitatu, bei iwe juu au chini. Fungu lisiwe dogo hadi ukaishia kwenye vipande vya ziada kubwa. Na ukiona fedha imekuwa mazungumzo ya vijiweni na kwenye makundi ya simu, ruka fungu hilo. Siku kama hizo ziada nayo huvimba.

Hatua ya tisa: pa kuiweka

Fedha inakula nafasi na kuvunja mgongo. Kilo kumi zinatosha kujaza chupa ya lita moja, na thamani yake ni sehemu ndogo sana ya dhahabu ya uzito huohuo. Kiasi kidogo kinakaa vizuri kwenye sefu iliyofungwa kwa skrubu ukutani au sakafuni. Kikizidi, sanduku la benki au ghala la muuzaji lenye bima, ambako unatakiwa upewe orodha ya nambari za miche yako mwenyewe. Wakikuambia una sehemu kwenye rundo la pamoja, wewe ni mdai wao tu, na wakifilisika utapanga foleni.

Hewa ya pwani yenye unyevu, ikikutana na salfa, huitia fedha weusi. Thamani ya madini haipungui. Weka kwenye kopo lisiloingiza hewa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, mbali na raba na plastiki laini inayonuka. Usiisugue. Sarafu iliyosuguliwa mnunuzi huishusha bei.

Mtu mmoja unayemwamini ajue iliko. Waliobaki wasijue.

Zaka, kwa wanaohusika

Fedha ya akiba ina zaka. Nisabu inayotumika sana ni gramu 595, na ukitimiza mwaka wa Kiislamu unatoa asilimia 2.5: kwa kilo moja ni gramu 25 au thamani yake kwa bei ya siku hiyo. Tena, kwa kuwa fedha na dhahabu zina hukumu zake katika kubadilishana kwa pesa, wanazuoni wengi husisitiza malipo na makabidhiano yawe palepale. Kununua kwa arbuni na kuchukua mali mwezi ujao, au kulipia mtandaoni fedha isiyotengwa kwa jina lako, ni jambo la kumuuliza sheikh wako kabla, si baada.

Hatua ya kumi: kuuza

Panga wa kumuuzia tangu siku ya kununua. Mara nyingi anayetoa bei nzuri ni yule aliyekuuzia, maana anaitambua mali yake. Ndiyo maana risiti yenye uzito, usafi na nambari ya mche inakaa kwenye faili hadi mwisho. Omba bei kama asilimia ya bei ya dunia ya saa hiyo, siyo tarakimu tu ya kwenye kikaratasi. Asilimia 97 au 98 kwa mche unaotambulika ni ya heshima. Kwa sarafu maarufu, wakati uhitaji ni mkubwa, unaweza kupewa hata juu ya bei ya dunia. Chini ya 90 kwa mche wenye mhuri, nenda duka la pili.

Uza kwa mafungu kama ulivyonunua: theluthi bei ikifika pale ulipojiwekea, theluthi nyingine baadaye. Hakuna anayekipatia kilele. Muulize mhasibu kodi ya nchi yako kuhusu faida hiyo kabla ya mwaka wa kodi kufungwa.

Siku ya mauzo mali isitoke machoni pako. Ipimwe juu ya meza, mbele yako, kwenye mizani iliyoonyesha sifuri kwanza. Akisema anaipeleka chumba cha nyuma "kuangalia kidogo", mwambie fundi utakwenda naye. Malipo yapitie benki, na mche usiuachie mpaka umeuona muamala kwenye akaunti yako, si kwenye picha ya simu yake.